Walea mbwa mwaka mzima, kisha wamrudisha

Huingia nyumbani akiwa na wiki saba au nane, bado anakojoa sakafuni. Wenyeji, ambao hawalipwi mshahara, humfundisha kukaa, kungoja na kutorukia wageni. Humpeleka stendi na madukani pia, maana soko lenye kelele ni darasa: mbwa anayeshtushwa na honi hawezi kumvusha asiyeona barabara.

Baada ya mwaka na ushei hurudishwa The Seeing Eye, shule ya Morristown, New Jersey, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1929. Hapo ndipo machozi. Watoto wa nyumba wameshamzoea. Anayeshindwa mafunzo, kwa woga au afya, mlezi wake huulizwa kwanza kama anamtaka. Si ajabu mtu akaomba kimoyomoyo afeli.