Kiwanda kikisimama, nani anapoteza?

Kule Kiliba, kaskazini mwa Uvira katika bonde la Ruzizi, kiwanda cha sukari kilisimama na vita ya 1996. Wengi wanafikiri hasara ni ya mwenye kiwanda tu. Si hivyo.

Kwanza, kiwanda chenyewe. Bila mauzo hakuna pesa ya mafuta wala vipuri. Mashine zinashika kutu, mafundi wanaenda kutafuta kazi kwingine. Kukifufua ni ghali kuliko kukitunza.

Pili, nyumba. Mshahara ukikatika, mama anapunguza chakula, kisha pesa ya masomo inakosekana, mwisho wanauza mbuzi ao kipande cha shamba. Mwenye duka aliyekuwa anakopesha hadi mwisho wa mwezi, naye anaanguka, hata kama hakufanya kazi kiwandani siku moja.

Tatu, nchi. Kiwanda kilichokufa hakilipi kodi, na sukari tunainunua nje kwa dola. Serikali ikikosa mapato na kuchapisha noti ovyo, pesa inapoteza nguvu. Wazee wanakumbuka: mwaka 1993, zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zikawa faranga 1. Ndiyo maana hata leo watu wanahesabu kodi ya nyumba kwa dola. Anayeumia zaidi ni yule anayelipwa faranga.

Basi, kiwanda kikifunga, tusiulize tu mwenyewe ni nani. Tuulize pia ni nyumba ngapi zilikuwa zinakula hapo.