Jani la Mgomba Chini ya Toyota

Msomaji mmoja wa Kangemi ameniandikia barua ya kurasa mbili kuhusu gari lake, na nusu ya ukurasa wa kwanza ni hesabu ya pesa alizokwisha kutumia. Ni Toyota Wish ya 2005, namba zake zinaanza na KB, na mita inasoma kilomita 247,000, ingawa mwenyewe haiamini. Kwa miaka mingi lilikuwa gari tulivu. Kutoka Kangemi hadi mjini kwa Waiyaki Way asubuhi, nani amewahi kupita 50? Kisha barabara ya Expressway ikafunguliwa Mei 2022, kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo, naye kazi yake iko upande wa Mombasa Road. Akaanza kupandia Westlands. Akifika 80, ambayo ndiyo kasi ya mwisho inayoruhusiwa kule juu, usukani unatetemeka mikononi kama simu iliyozimwa sauti. Akirudi 60, kimya.

Hayo si mageni. Kilichomfanya aandike ni safari moja ya Naivasha. Alipopita Kikuyu, njia ikiwa nyeupe, alifika 105, na usukani ukatulia tena kama gari la jana. Amefanya balansi ya magurudumu mara nne na alaimenti mara mbili. Fundi wake amekata shauri: "Hii gari imezeeka tu, boss. Endesha ile spidi haisumbui."

"Dada mwandishi," anauliza, "gari linaumwa kwenye 80, linaponaje kwenye 105?"

Makala ya kawaida ingeanza na orodha ya vitu vya kukagua. Orodha hizo zimebandikwa ukutani katika maduka ya tairi kutoka Dagoretti Corner hadi Uthiru, na sina hamu nazo. (Isipokuwa hili: kama hujakagua nati za magurudumu na bolijointi, acha kusoma ukakague kwanza.) Mimi nimenaswa na hiyo 105. Kuieleza, itanibidi niende mtoni.

Nikiwa mtoto, likizo nilikuwa kwa nyanya yangu Vihiga, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kuteka maji. Njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda, ndoo kichwani juu ya kata, na kila siku nilifika mgongo umelowa. Binamu zangu walifika wakavu. Nilidhani shingo yangu ndiyo mbovu. Siku moja nyanya akanitazama nikija, akacheka, akachana kipande cha jani la mgomba chenye ukubwa wa kiganja, akakilaza juu ya maji. Kesho yake nikafika mkavu.

Maji ya ndoo yana mwendo wake wa kuzaliwa nao. Yasukume mara moja uyaache: yatakwenda upande huu na ule kwa mwendo uleule mpaka yatulie, na mwendo huo haujali umeyasukuma kwa nguvu au kwa upole. Unategemea upana wa ndoo na mvuto wa dunia. Ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30, maji yake huyumba karibu mara 1.8 kwa sekunde. Sasa hesabu hatua za mtu anayetembea bila haraka: 1.8, 1.9, 2. Maskini mtoto! Kila hatua inayasukuma maji wakati uleule ambapo yenyewe yanataka kwenda upande huo. Msukumo mmoja haumwagi hata kijiko. Lakini wa pili unalipanda bega la wa kwanza, wa kumi unapanda la wa tisa, na kufikia boma la jirani ndoo inarusha maji kama imekasirika.

Mtu anaweza kuponyoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutembea polepole sana, hatua zichelewe, maji yawe yamekwisha kurudi kabla ya msukumo mwingine. Ya pili ni kukaza mwendo, na hii ndiyo tamu. Ukipiga hatua 3 kwa sekunde kwa miguu mifupimifupi, maji hayapati nafasi ya kukufuata. Kabla hayajafika ukingoni yameamriwa kurudi, na kabla hayajarudi yameamriwa kwenda. Yanabaki katikati, yakitetema tu usoni. Binamu zangu walijua hivyo kwa miguu yao. Ya tatu ni jani. Jani halibadilishi hatua wala ndoo. Linasuguana na maji, na katika kila msukumo linameza sehemu, hivi kwamba hakuna kinachobaki cha kulimbikizwa.

Wahenga husema debe shinda haliachi kusukasuka, na tumezoea kumrushia mtu mwenye elimu nusu. Mimi naona waliona jambo la fizikia wakalifanya la adabu. Mwaka 2012 watafiti wawili, Rouslan Krechetnikov na Hans Mayer, walichapisha utafiti kuhusu kwa nini kahawa humwagika mtu anapotembea na kikombe, wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Nyanya hakupewa kitu.

Jambo hili lahitaji jina, na hapa mhariri wangu na mimi tumegombana wiki nzima. Yeye anataka resonansi, kwa sababu limekwisha andikwa na halina ubishi. Halina ubishi kwa kuwa halisemi kitu. Ni mgeni aliyeketi sebuleni bila kujitambulisha. Kuna waliojaribu mwangwi, lakini mwangwi ni sauti inayorudi kutoka bondeni, na ndoo hairudishi chochote: inakusanya. Mvumo nao ni wa kusikia, hali nusu ya mambo haya hayasikiki kabisa. Mwitikio ungefaa, ila tayari wenye mradi na dodoso wameuteka: mwitikio wa wananchi, mwitikio wa soko. Nami nikakumbuka kwaya. Kiongozi anaimba, na waimbaji wanangoja mahali pao, kisha wanaitikia kwa pamoja, ndiyo maana sehemu hiyo huitwa kiitikio. Hawaitikii kila noti. Wanaitikia ile iliyo yao. Basi nasema mwitikiano, kutoka kuitikiana: kitu kimoja kinapita na mwendo wake, kingine kinasikia mwendo huo ni wake, kinajibu, na majibu yanalimbikizana. Mhariri amekubali kwa makala haya tu, akasisitiza "haya tu".

Turudi garini. Gurudumu la Wish, pamoja na breki na kitovu chake, lina kilo 40 hivi, nalo limebanwa kati ya springi mbili. Ya juu ni ya chuma, na ni laini: kilo 2 zinatosha kuibonyeza milimita moja. Ya chini watu huisahau, kwa sababu ni tairi lenyewe, mpira uliojaa hewa, gumu mara kumi: kilo 20 kwa milimita. Ukikichezesha kitu cha kilo 40 kati ya springi hizo, kitarukaruka mara 11 au 12 kwa sekunde. Ndiyo ndoo yetu.

Na hatua? Tairi la 195/65 R15, kama lake, likizunguka mara moja hutembea mita 2 kasoro kidogo. Kwenye 80, gari linapita mita 22 kwa sekunde. Gawanya. Mizunguko 11. Nilipofika hapo kwenye karatasi niliinuka nikajipikia chai, kwa furaha.

Kinachosukuma ni uzito usiolingana. Hata baada ya balansi nne, baada ya vile vipande vya risasi kugongwa pembeni mwa ringi, gurudumu hubaki na gramu chache upande mmoja. Tuseme gramu 10, uzito wa vijiko viwili vya sukari. Kwenye 40, gramu hizo zinavuta gurudumu kwa nguvu ya robo kilo. Kwenye 80 nguvu haizidi mara mbili bali mara nne, kwa kuwa hukua kwa mraba wa kasi: karibu kilo nzima, inayozungushwa juu, mbele, chini, nyuma, mara 11 kwa sekunde. Kwenye 105 imefika kilo 1.6. Yaani pale usukani ulipotulia, msukumo ulikuwa mkubwa kuliko pale ulipokuwa ukitetemeka! Ila sasa ulikuja mara 14 na nusu kwa sekunde, na gurudumu, kama maji ya binamu zangu, halikuweza tena kuufuata. Gari halikupona. Liliacha kuitikia.

Lakini Wish hiyo ilipokuwa mpya Japani ilikuwa na magurudumu ya kilo zilezile, tairi za ukubwa uleule, na bila shaka ilipita 80 na gramu 10 zake bila dereva kuhisi lolote. Mwitikiano ulikuwapo tangu kiwandani. Kilichokuwapo zaidi ni jani.

Chini ya gari majani ni ya aina mbili. Moja ni shokomzoba, bomba lenye mafuta ambamo pistoni husukuma mafuta yapite katika vitundu vidogo, na mtetemo unageuka joto. Joto kwelikweli: pita Naivasha Road penye mashimo, simama Kawangware, uziguse kwa uangalifu. Ile iliyobaki baridi wakati mwenzake amepata joto inapanda gari bure. La pili ni bushi, zile pete za mpira katika viungo vya mikono inayoshika gurudumu. Mpira ukivutwa haurudishi vyote ulivyopewa. Sehemu inapotea ndani yake, na kupotea huko ndiko tunakokulipia. Joto na oksijeni hufunga minyororo ya mpira mmoja kwa mwingine mwaka baada ya mwaka, hadi unakuwa mgumu, unapasuka, na msukumo unapita moja kwa moja hadi kwenye usukani.

Kwa hiyo mtetemo wa gari kuukuu mara nyingi si mtetemo mpya. Ni ule wa siku zote, sasa hauna wa kuumeza. Balansi ya tano ingepunguza kidogo nguvu ya hatua za mtoto. Ndoo ingebaki bila jani.

Na hapa Nairobi tunajipiga chenga wenyewe. KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka, hivyo Wish nyingi zilishuka Mombasa zikiwa na bushi za miaka saba. Sasa bushi hizo zina miaka ishirini. Mwenye gari anashuka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, na kuuziwa mkono mzima wa ex-Japan, bushi zikiwa ndani yake tayari, kwa bei ya kuridhisha. Chuma ni kizuri, sina neno. Mpira umezaliwa mwaka mmoja na ule anaoutoa.

Hata ule mtihani wa kubonyeza boneti na kuangalia gari linavyoinuka hujibu swali lingine. Mwili wa gari huyumba juu ya springi mara moja na kidogo kwa sekunde. Tunatafuta kinachotokea mara 11, na mkono wa binadamu hauwezi kusukuma hivyo.

Simu inaweza kusikia. Ndani ya simu nyingi mna kifaa cha kupima mtikisiko, kinachosoma mara mia na zaidi kwa sekunde, na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kinatoa bure programu iitwayo phyphox ya kukionyesha. Jumapili asubuhi msomaji wangu aliendesha, mimi nikaketi kando na simu imebanwa kwenye dashibodi kwa utepe. Kwenye 60, mchoro ulitoa kilima kidogo kwenye 8. Kwenye 80, mnara kwenye 11. Nikamwomba ashushe gia bila kubadili kasi: injini ikapiga kelele, mnara haukusogea. Basi si injini, ni kitu kinachozunguka na gurudumu. Mnara ungesimama kwenye 22 ningeshuku tairi limekuwa yai, kwa maana lenye umbo hilo husukuma mara mbili kila mzunguko. Ungetokea akikanyaga breki tu, diski.

Alinunua bushi mpya, mpya za karatasi, na shokomzoba mbili za mbele. Balansi hakuigusa. Wiki iliyofuata tulipanda tena Westlands. Mnara ulikuwa palepale kwenye 11, ila umefupika kuwa kichuguu, na mikononi mwake hakuhisi kitu.

Juzi amepiga simu. Sasa kwa kuwa kumekuwa kimya, anasema, amegundua kwamba akisimama kwenye taa za Westlands gia ikiwa kwenye D, kiti kinatetemeka. Nikamwambia aweke simu kitini. Injini ya silinda 4 inayonguruma mizunguko 700 kwa dakika huwaka mara 23 na ushei kwa sekunde. Simu ilisema 23, naye tayari ananiuliza mipira ya kushikilia injini inauzwa duka gani.