Mbio za Nusu Marathoni na Mita 97 na Nusu

Tangu mwezi uliopita vijana wa vidato vya chini wananiuliza, "Kaka, ilikuwaje wewe unayetufundisha hesabu jioni ukashindwa na hesabu barabarani?" Nimeona heri niandike jibu mara moja, ili atakayekimbia mwaka ujao afaidike na kosa langu.

Kwanza yafaa kujua urefu wa mbio hizi. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulikimbiwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 ukawekwa kuwa kipimo cha marathoni zote. Basi nusu yake ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Zikumbukeni mita hizo, maana ndizo zilizonifunga.

Mara ya kwanza nilikimbia mwaka jana, katika mji ulio jirani na shule yetu. Nilitoka kama mshale. Kilomita 10 nikazimaliza kwa dakika 41, nikajiona shujaa. Lakini nilipofika kilomita ya 16, lo! Miguu ikawa mizito kama magogo. Nikatembea, wazee wakanipita, nikafika kwa saa 1 na dakika 43.

Bruda anayetufundisha biolojia alinieleza sababu. Mwili una akiba mbili za nguvu: sukari iliyowekwa katika misuli na ini, na mafuta. Mafuta ni mengi, lakini hutoa nguvu polepole. Sukari hutoa nguvu upesi, lakini ni kidogo. Kadiri uongezavyo mwendo, ndivyo uimalizavyo sukari. Anayetoka mbio kupita kiasi ni kama mwanafunzi anayekula fedha zake zote za muhula katika juma la kwanza.

Basi mwaka huu nilijitengeneza kwa majuma 12. Kila Jumanne nilikimbia mita 1,000 uwanjani kwa kasi, mara sita, nikipumzika dakika tatu kila baada ya mara moja. Alhamisi nilikwenda kilomita 8 kwa mwendo wa mashindano. Jumamosi nilikwenda safari ndefu, kuanzia kilomita 10 mpaka 18, polepole kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzangu. Siku nyingine nilipumzika, kwa kuwa mwili hujijenga wakati wa kupumzika.

Shabaha yangu ilikuwa kumaliza kwa saa 1 na dakika 30. Nililitangazia bweni zima. Tena huu ni mwaka wangu wa mwisho, na hapakuwa na mbio nyingine kabla ya mtihani. Nikagawanya dakika 90 kwa 21, nikapata dakika 4 na sekunde 17 kwa kila kilomita, nikaziandika kiganjani kwa wino.

Siku ilipofika nilijizuia. Wenzangu walinitangulia wakicheka, nami nikaitazama saa yangu ya mkono kwenye kila kibao. Kuanzia kilomita ya 15 nikaanza kuwapita mmoja mmoja. Kwenye kibao cha 21 saa ilionyesha saa 1, dakika 29 na sekunde 57. Nikatabasamu, nikautafuta mstari wa mwisho. Ulikuwa bado mbele, karibu mita mia! Nilikimbia kwa nguvu zote zilizobaki, nikatumia sekunde 21. Nilimaliza kwa saa 1, dakika 30 na sekunde 18.

Kumbe kama ningeandika dakika 4 na sekunde 15, ningefika kwa saa 1, dakika 29 na sekunde 40. Ni sekunde mbili tu kwa kila kilomita.

Wengine walinifariji wakisema sekunde 18 si kitu. Hilo silikubali. Jacob Kiplimo, mzaliwa wa Bukwo kwenye miteremko ya Mlima Elgon hapa Uganda, alikuwa na miaka 19, umri wangu mimi, alipokuwa bingwa wa dunia wa mbio hizi huko Gdynia, Poland, tarehe 17 Oktoba 2020. Tarehe 21 Novemba 2021, mjini Lisbon, alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 57 na sekunde 31. Rekodi hiyo ilidumu mpaka tarehe 27 Oktoba 2024, Yomif Kejelcha wa Ethiopia alipokimbia Valencia kwa dakika 57 na sekunde 30. Kilomita 21 nzima, na tofauti ni sekunde moja!

Kwa hiyo nawausia mambo matatu. Anza polepole kuliko moyo wako unavyotaka. Gawa nguvu zako sawasawa njia nzima. Tena usidharau kilicho kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikipungua haba moja hakijajaa.

Mimi nitaondoka shuleni na sekunde zangu 18. Hata hivyo nimepunguza zaidi ya dakika 12, na huo ndio muda wangu bora mpaka leo. Zilizobaki nitazitafuta nikiwa miongoni mwenu, kaka zetu wa zamani. Lakini wewe unayebaki hapa, utakapochukua kalamu usigawanye kwa 21. Gawanya kwa 21.0975.