Kibiti: soma daftari la Serikali kabla ya kulipa

KIBITI – Mfanyabiashara anayetafuta kiwanja cha ghala Nyamisati, shamba la mikorosho Kibiti au eneo la mpunga katika delta ya Rufiji huonyeshwa kwanza karatasi yenye mhuri, iliyoletwa na muuzaji mwenyewe. Thamani ya karatasi hiyo inategemea daftari lililoko ofisini. Kama daftari halikubaliani nayo, fedha za mnunuzi zimekwenda.

Delta hiyo ina mfano mkubwa. Katika miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company iliomba eneo la karibu hekta 20,000 kwa ufugaji wa kamba. Baraza la Taifa la mazingira, NEMC, lilipitia taarifa ya athari na kushauri mradi ukataliwe. Hata hivyo, mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliuidhinisha kwa masharti. Wananchi wa delta walikwenda mahakamani, na mabwawa hayo hayakujengwa.

Aliyesikia habari ya idhini peke yake aliona mradi umepita. Aliyetazama pia ushauri wa NEMC na jalada la mahakamani aliona hatari mapema. Kwa mwekezaji mdogo, funzo ni kwamba ofisi moja haitoshi: kila hoja ina daftari lake.

Ardhi ya kijiji

Daftari la ardhi ya kijiji hutunzwa na Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Mnunuzi aombe kuona muhtasari wa mkutano huo, tarehe yake, na orodha ya waliohudhuria.

Eneo likizidi hekta 250 na likahitaji kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji, uamuzi hautolewi kijijini. Jambo hilo humfikia Waziri, na tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali. Anayeuza eneo la ukubwa huo aulizwe namba ya tangazo na tarehe.

Kwa ardhi yenye hatimiliki, upekuzi hufanywa kwa Msajili wa Hati. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki au zuio.

Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Kabla ya hapo shughuli za delta zilihudumiwa kutoka Utete. Jalada la zamani likikosekana Kibiti, lisihesabiwe kuwa halipo hadi liulizwe Utete pia.

Mikoko

Msitu wa mikoko wa delta, wenye takriban hekta 53,000, ni hifadhi ya Serikali na uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mkulima aliyelima mpunga ndani yake kwa miaka mingi anaweza kuuza mavuno, lakini hawezi kuuza ardhi ya hifadhi. Mipaka ithibitishwe na TFS kwa maandishi. Anayenunua boriti aombe kuona kibali cha uvunaji na hati ya kusafirishia kabla mzigo haujapakiwa mashuani.

Kampuni na ghala

Kampuni inayotafuta wanahisa au wabia hukaguliwa BRELA. Kwa ada, mtu yeyote anaweza kupata taarifa za wakurugenzi, wanahisa na anwani iliyosajiliwa. Hata hivyo, usajili wa kampuni hauthibitishi kwamba ina ardhi, mtaji au leseni ya biashara inayoitangaza.

Kwa wanunuzi wa korosho na ufuta, leseni ya mwendesha ghala hutolewa na Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, chini ya sheria ya 2005. Stakabadhi inayotolewa kama dhamana ya mkopo ilinganishwe na leseni hiyo, na namba yake ithibitishwe ghalani.

Ofisi ikikaa kimya

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ombi liwe la maandishi, litaje jalada au eneo linalohusika, na mwombaji abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ombi la mdomo halina tarehe ya kuhesabia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti ni kama kilomita 140 kwa Barabara ya Kilwa. Nauli, ada ya upekuzi na siku chache za kusubiri ni gharama ya kuingizwa katika hesabu ya biashara, kama ilivyo gharama ya magunia na usafiri. Muuzaji anayesema hakuna muda wa kwenda kutazama daftari apewe jibu moja: malipo yatasubiri.