Maumivu ya taya si lazima yawe ya jino

MGONJWA hufika kliniki akiwa ameshika shavu. Anasema jino linamsumbua, lakini hawezi kuonyesha ni lipi. Mwingine amekwisha kung'olewa jino moja au mawili na maumivu yangali pale pale. Wa tatu ametiwa dawa ya sikio kwa majuma mawili bila nafuu. Mara nyingi shida ya watu kama hawa iko kwenye kiungo cha taya.

Weka vidole mbele kidogo ya masikio, kisha ufungue na kufunga mdomo. Utahisi kitu kikisogea. Hapo ndipo taya la chini linaposhikana na fuvu la kichwa. Katikati kuna kisahani cha gegedu kinachozuia mifupa isisuguane. Kisahani kikiteleza, taya hulia mdomo unapofunguka. Mlio peke yake, bila maumivu, hauhitaji matibabu.

Dalili ni maumivu mbele ya sikio yanayozidi mtu anapotafuna au kupiga mwayo, kuumwa na kichwa upande wa panja, na mdomo kukataa kufunguka kiasi cha kuingiza vidole vitatu. Jino bovu, kwa kawaida, huuma likiguswa na kitu baridi au moto, au likigongwa.

Je, chanzo ni nini? Huenda ni kusaga meno usingizini, wasiwasi mwingi, kuumia taya au baridi yabisi. Kutafuna miraa au muguka kwa saa nyingi pia huchosha misuli ya taya. Wanawake husumbuliwa zaidi ya wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40.

Wengi hupata nafuu bila upasuaji. Fanya hivi kwa majuma kadhaa:

• Kula vyakula laini kama uji, viazi vya kuponda na ndizi. Acha miraa, miwa, mahindi ya kuchoma na chingamu.

• Kanda shavu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kwa dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku.

• Usipokula, midomo ifungwe lakini meno yasigusane.

• Ukipiga mwayo, shikilia kidevu kwa ngumi.

Parasetamoli yaweza kusaidia kwa siku chache. Wenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo wasinunue dawa nyingine za maumivu bila ushauri. Maumivu yakidumu, mazoezi ya taya chini ya mtaalamu husaidia. Usikubali meno yakwanguliwe ili 'kusawazisha' taya, kwani hatua hiyo hairekebishiki.

Kimbia hospitali siku hiyo hiyo iwapo mdomo umebaki wazi na haufungiki, au kuna uvimbe na homa. Taya likikaza siku chache baada ya kujikata au kuchomwa na msumari, huenda ni pepopunda. Maumivu ya taya yakiandamana na kubanwa kifua au jasho jingi, huenda ni moyo.

Kabla ya kung'olewa jino, mwombe daktari wa meno akuonyeshe jino bovu ni lipi, na apime kiungo cha taya pia. Jino likishang'olewa halirudi.