Marehemu Hajitambulishi

Huwa tunaambiwa kwamba tarakimu hazisemi uongo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza maneno, naishuku kauli hiyo. Kabla ya kuhesabiwa, kitu hupewa jina kwanza. Na jina likikosewa, hesabu nayo hupotoka.

Somo hilo nilifunzwa na msiba. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu nchini Marekani, mwanafunzi mwenzangu, mzaliwa wa mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa nchi hiyo, alifiwa na babake. Cheti cha kifo kilipotolewa, mahali pa rangi palikuwa pameandikwa "Mzungu". Msimamizi wa mazishi aliyekijaza hakuwa amemwuliza yeyote katika familia. Aliutazama uso wa marehemu, akalisoma jina lake la Kiingereza, akaamua.

Msomaji asidhani kuwa hicho ni kisa cha nadra. Nchini Marekani, daktari hueleza sababu ya kifo, lakini maelezo ya rangi na asili hujazwa na msimamizi wa mazishi. Utaratibu humtaka awaulize jamaa, ila wapo wanaokisia tu. Sensa, kwa upande wake, hutegemea zaidi majibu ya watu wenyewe. Hivyo basi, mtu huyo huyo huweza kuishi kwa jina alilojipa na kufa kwa jina alilobandikwa.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kiwango cha vifo hupatikana kwa kugawanya idadi ya waliokufa kwa idadi ya watu wote wa jamii ile. Tuchukue, kwa mfano tu, jamii ya watu 10,000 inayofiwa na watu 100 kwa mwaka. Kiwango chake ni 10 kwa kila 1,000. Iwapo 40 kati ya marehemu hao wameandikwa Wazungu, kiwango kitasomeka 6. Jamii inayoangamia itaonekana kuwa na siha njema, na anayegawa fedha za zahanati atawapitia mbali.

Watafiti wameupima upotovu huu. Mwaka wa 1992, Robert Hahn na wenzake walilinganisha vyeti vya kuzaliwa na vya kifo vya watoto waliozaliwa Marekani kati ya 1983 na 1985 kisha wakafariki wakiwa wachanga. Kwa Wazungu, vyeti viwili vya mtoto mmoja vilitofautiana kuhusu rangi kwa asilimia 1.2, kwa Weusi, asilimia 4.3, kwa jamii nyinginezo, asilimia 43.2. Wengi wa waliobadilishwa waliingia kaburini wakiwa "Wazungu". Mwaka wa 2016, Elizabeth Arias wa Kituo cha Taifa cha Takwimu za Afya, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba kosa hilo lilikuwa bado takriban asilimia 40 kwa wenyeji asilia, ilhali vyeti vya Wazungu na Weusi vilikuwa sahihi mno.

Kituo hicho kilipofanya marekebisho, ukweli ulijitokeza. Mwaka wa 2021, wakati wa janga la korona, wastani wa umri wa kuishi wa wenyeji asilia ulikadiriwa kuwa takriban miaka 65. Wa Wamarekani wote kwa jumla ulikuwa takriban 76.

Mwenzangu alikirudisha kile cheti na kuomba kisahihishwe. Ilimchukua miezi kadhaa ya barua na viapo. Nilipomwuliza kwa nini alijisumbua hivyo, alinijibu kwamba alitaka babake ahesabiwe kwao.

Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi wetu adabu hiyo ya kusoma jedwali. Kabla ya kuuliza "Ni wangapi?", na waulize "Ni nani aliyewaita hivyo?" Aliye hai akiitwa jina lisilo lake atakanusha. Marehemu hana kauli. Sisi tuliobaki ndio tunaopaswa kumsemea.