Kadi ya Kliniki Isiliwe na Mchwa

Mgonjwa anapofikishwa zahanati, mganga huuliza kwanza: Je, aliwahi kulazwa? Kuna dawa inayomdhuru? Chanjo amemaliza? Katika nyumba nyingi majibu yapo, ila yamechomekwa darini au yamelazwa chini ya godoro analokojolea mtoto. Mwezi huu tutazame karatasi hizo, maana zinaweza kuokoa maisha.

KARATASI ZIPI?

Kadi ya kliniki ya mtoto. Inaonyesha chanjo za BCG na polio anazopewa anapozaliwa, zile za wiki ya 6, 10 na 14, na ya surua na rubela katika miezi 9 na 18. Inaonyesha pia kama uzito wake unapanda au umesimama. Ikipotea, nenda kwanza pale alipochanjwa wakatazame kwenye rejesta yao. Kumbukumbu isipoonekana, mtoto huhesabiwa kuwa hajachanjwa.

Kadi ya mama mjamzito. Akina mama wengi huitupa wakishajifungua. Sivyo! Kama ulijifungua kwa operesheni, kovu lile linaweza kupasuka wakati wa uchungu wa mimba nyingine, hivyo ni lazima ujifungulie hospitali. Kadi ndiyo itakayomweleza mkunga hata kama wewe huwezi kusema. Kadhalika kundi la damu: mama mwenye Rh hasi aliyezaa mtoto mwenye Rh chanya huhitaji sindano maalumu ndani ya saa 72, ili mtoto wa mimba inayofuata asidhurike.

Daftari la hospitali na kadi za matibabu. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa, selimundu au anayetumia dozi ya kifua kikuu asisafiri bila kadi yake. Kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, mfano salfa au penisilini, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari.

Vyeti. Cheti cha kuzaliwa na cha ndoa huhitajika unapoandikisha mtoto na mwenzi katika bima ya afya. Mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 umewezesha watoto wa chini ya miaka 5 kusajiliwa karibu na nyumbani, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Usingoje mtoto augue. Kwa mtu mzima ambaye hakusajiliwa, cheti cha ubatizo kinaweza kumsaidia kuthibitisha kuzaliwa kwake. Kikipotea, ulizeni parokia alikobatizwa, kwani kitabu cha ubatizo hutunzwa huko.

TUZITUNZEJE?

1. Kila mtu awe na bahasha yake yenye jina. Bahasha zote ziingie katika faili ya plastiki inayofungika, kisha katika sanduku la bati.

2. Sanduku liinuliwe juu ya matofali au rafu, mbali na ukuta wenye unyevu, jiko na mafuta ya taa. Mchwa huanzia sakafuni.

3. Karatasi iliyolowa ikaushwe kivulini kabla ya kufungiwa. Picha ya eksirei isikunjwe.

4. Msitie vidonge vya nondo (naftalini). Mtoto hudhani ni peremende, na akimeza vinaweza kuharibu damu yake. Majani makavu ya mwarobaini yanatosha.

5. Kadi inayoendelea kuandikwa kliniki isitiwe plastiki ya moto.

6. Toeni nakala za vyeti na kuziweka kwa ndugu mnayemwamini. Kama kuna simu yenye kamera, pigeni picha pia.

NANI AJUE?

Baba, mama na mtoto mkubwa wajue sanduku lilipo. Ugonjwa huja usiku, na huenda mwenye ufunguo ndiye aliyezimia. Lakini si kila jirani afunue. Kadi ya kifua kikuu au ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ni siri ya mgonjwa. Iwekwe katika bahasha iliyofungwa, na mgonjwa mwenyewe amchague wa kumwambia.

Wazazi, chagueni Jumapili moja mchana, mkusanye karatasi zote mezani na kuzipanga. Itakayoonekana haipo, ianze kutafutwa Jumatatu, wakati wote nyumbani ni wazima.